Je, Yajuzu Mtawala Kuwadanganya Raia Zake ili Wakubali Vita?



Miongoni mwa maswali ambayo watu hawajaacha kuulizana katika kila zama ni hili. Mtawala akiona kuwa vita vina faida kwa dola yake, na akajua kuwa raia zake hawatakubali kutoa mali wala damu kwa ajili ya faida hiyo, je, yajuzu kwake kuwatajia sababu nyingine, iliyo njema zaidi masikioni, ambayo siyo ile iliyomtoa nyumbani? Wako walijibuo upesi. Husema ya kuwa Mtume S.A.W. ameihesabu vita kuwa ni mlango wa hila, basi mwenye kufanya hila katika jambo la vita hana lawama. Wenye kusema haya wameshika Hadithi iliyo sahihi, lakini wameishika mkia.

Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, wala hapana mwanachuoni aikanushaye. Lakini inamtazama nani? Inamtazama adui aliyekwisha simama na silaha yake mkononi. Imam Nawawi alipoisherehesha alieleza ya kuwa wanavyuoni wamewafikiana juu ya kujuzu kumhadaa adui katika vita, isipokuwa pale hadaa itakapovunja ahadi au amani aliyopewa mtu, hapo ni haramu. Basi ikiwa adui mwenyewe anayo haki ya kutokhiniwa katika ahadi, raia aliye chini ya ahadi ya mtawala wake, amlipaye kodi na kumpa mwanawe awe askari, ataikosaje haki hiyo?

Tena Kaab bin Malik R.A. amesimulia ya kuwa Mtume S.A.W. alipokusudia safari ya vita alikuwa akiificha njia yake kwa kutaja upande mwingine, hata ilipofika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra. Safari hiyo ilikuwa ya mbali, jua kali, na adui wengi. Akawabainishia watu waendako, wazi kabisa, ili kila mmoja ajitengeneze kwa kadiri ya shida iliyo mbele yake. Na atazame mwenye akili: lililofichwa katika safari za kwanza ni njia, si sababu, na shida ilipokuwa kubwa, hata njia haikufichwa. Hapana siku Masahaba walipoambiwa waende kuwaokoa wanyonge, kumbe nia ni kuchukua forodha.

Iliyo karibu zaidi na swali hili ni khabari ya Walid bin Uqba. Alitumwa kwa Banu Mustaliq kupokea zaka. Akarudi njiani kabla ya kuwafikia, akasema ya kuwa wamekataa kutoa na wametaka kumwua. Madina ikawa karibu na vita. Ilipochunguzwa ilionekana ya kuwa watu wale walitoka kumlaki, wala hawakukataa chochote. Wafasiri wengi wameeleza ya kuwa ni kwa sababu hii iliteremka aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat, inayowaamrisha waumini waipeleleze khabari aletayo fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakabaki na majuto. Amri hiyo haikuelekezwa kwa mwongo. Imeelekezwa kwa wale wasikiao.

Na imo katika Muslim Hadithi inayowataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama: mzee mzinifu, mfalme mwongo, na fukara mwenye kiburi. Wanavyuoni wameeleza ya kuwa hao watatu wamefanya maasi pasipo haja. Mwongo husema uwongo kwa kuogopa, na mfalme amwogope nani? Maneno haya ni ya kweli kwa wafalme wa zamani. Serikali zilizokuja baadaye, zenye mabunge na magazeti, huwaogopa raia, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa zina udhuru kidogo. Lakini kwa hakika zimezidi kosa. Mtawala anayewadanganya watu ili wakubali amekwisha kiri, kwa tendo lake hilo, ya kuwa kukubali ni haki yao. Kisha akawaibia haki ileile aliyoikiri. Mwizi asiyejua mwenye mali ni mwizi; na mwizi aliyebisha hodi kwanza akahakikisha mwenye mali ni nani, huyo aitweje?

Wakaao Iwawa, katika baridi ya nyanda za Ukinga, huenda wakadhani mambo haya ni ya Madina au ya Ulaya. Sivyo. Bendera ya kigeni iliyofika katika milima ya Livingstone ilitanguliwa na kauli moja iliyosemwa Berlin, na kauli hiyo ingali ikisikika hata leo katika shule na katika mabaraza: ya kuwa Wadachi walikuja kuwaokoa watu na biashara ya utumwa. Mtoto wa Kiislamu wa Iwawa, ambaye jirani zake wengi ni Walutheri waliopokea dini kwa Wamisionari wa Berlin, huisikia kauli hiyo na nyuma yake akasikia nyingine isiyotamkwa, ya kuwa waliokuwa wakizuiwa ni watu wa dini yake. Yafaa ijulikane kauli hiyo ilitengenezwaje.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Said, alitia sahihi mkataba uliowapa Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki utawala wa Pwani na forodha zake kwa miaka 50, kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Katikati ya Agosti watu wa Kampuni wakaingia mijini. Walidai ushuru, wakataka watu waonyeshe hati za mashamba na majumba yao, na kila mji wakasimamisha bendera yao. Pangani alikuwako mmoja wao, jina lake Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Huyu alileta askari wa manowari, na bendera ya Sultani iliyokuwa nyumbani kwa Liwali ikaondolewa kwa nguvu. Siku hizo zilikuwa za Idi el-Haji, na khabari ikaenea Pwani nzima ya kuwa askari hao waliingia msikitini pamoja na mbwa. Watu wakainuka. Pangani aliwaongoza Bushiri bin Salim, Sadani Bwana Heri bin Juma. Na hawakuwa Waarabu peke yao, walikuwamo Waswahili, Wazigua, Wayao na wapagazi wa Kinyamwezi. Kilwa watu wa Kampuni waliuawa Septemba. Kampuni ikashindwa, ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa nguvu za manowari.

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza: kwa forodha, kwa hati, kwa bendera. Hapana katika hayo mtumwa aliyegombewa.

Sasa tazama Berlin. Bismarck, aliyekuwa Waziri Mkuu wa dola, alijua ya kuwa Bunge halitatoa fedha kwa ajili ya kuiokoa kampuni ya wafanya biashara iliyojitia mashakani kwa ujeuri wake. Lakini mwaka ule Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na Oktoba 1888 ulifanywa mkutano mkubwa Cologne juu ya jambo hilo. Hapo ukaonekana mlango. Maasi ya Pwani yakaitwa maasi ya Waarabu, na Waarabu wakaitwa wauza watu, na vita vya kuirudisha Kampuni katika forodha vikawa vita vya kuwaokoa Waafrika. Desemba Ludwig Windthorst, mkuu wa chama cha Wakatoliki, ambaye hakuwa mpenzi wa makoloni, alileta Bungeni azimio la kupinga biashara ya watumwa. Mwezi huohuo manowari za Kidachi na za Kiingereza ziliifunga bahari, nalo likatangazwa kuwa ni kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1889 iliyotoa marki milioni 2. Jina lake lilitaja mambo mawili: kupigana na biashara ya watumwa, na kulinda maslaha ya Kidachi katika Afrika ya Mashariki. Ni ajabu jinsi kweli isivyoweza kuzikwa kabisa. Ilikaa palepale katika kichwa cha sheria, nyuma ya mwenzake, na waliopiga kura waliisoma.

Kwa fedha hiyo Hermann Wissmann alikodi askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji. Wasudani wengi walikuwa Waislamu. Wakaletwa kupigana na Waislamu. Mei 1889 waliivunja boma ya Bushiri karibu na Bagamoyo, na tarehe 15 Desemba Bushiri alinyongwa Pangani. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890. Tarehe 1 Januari 1891 dola yenyewe ikashika utawala, na jeshi likapewa mkuu wake. Nani? Zelewski, yule wa Pangani. Mwaka huohuo alipanda bara kwa Wahehe, na tarehe 17 Agosti aliuawa Lugalo na majeshi ya Mkwawa. Vita vya kulipiza vikaendelea hata kufa kwake Mkwawa mwaka 1898. Amri ya kodi ya nyumba ilikwisha toka mwaka wa nyuma yake, na kodi hiyo, iliyotakiwa kwa rupia, ikapanda milima hata kwa Wakinga na Wabena, ambao wengi wao hawakuwahi kuiona Pangani, wakalazimika kushuka kutafuta kazi ya mshahara mashambani. Kauli ya Berlin ilisafiri mbali sana kuliko walivyodhania walioipigia kura.

Je, utumwa ulikomeshwa? Hii ndiyo mizani, kwani mwenye kudai sababu hupimwa kwa lile alilolifanya baada ya kushinda. Wadachi waliwazuia wasafirishao watumwa baharini, na hilo ni haki yao lisemwe. Lakini kumiliki mtumwa hawakukukataza. Waliweka taratibu ya kujikomboa kwa fedha, na baadaye amri ya kuwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Waliozaliwa kabla walibaki walivyo. Mwaka 1912 Bunge la Berlin lenyewe lilitaka utumwa ukomeshwe ifikapo mwaka 1920, na serikali ya koloni haikulipenda jambo hilo, ikihofia gharama na ghasia. Utawala wa Wadachi ulikwisha katika vita vya 1914 hata 1918, na utumwa ulikuwa ungali halali. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Hapa wako Waislamu wanaofurahi wakasema: basi khabari yote ya utumwa ni uzushi wa maadui. Hili ni kosa lililo kubwa, na ni kwa sababu yake ukurasa huu umeandikwa. Biashara ya watumwa haikuwa uzushi. Mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa, na Bushiri mwenyewe alikuwa mwenye shamba. Usangu na kaskazini ya Ziwa Nyasa misafara ya Pwani ilifika. Ng'ambo ya ziwa litazamwalo na milima ya Livingstone, karibu na Karonga, Mlozi alijenga boma, na mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde wengi waliokuwa hawana ngao mbele ya bunduki. Mlozi alikuwa Mwislamu. Tena Januari 1889 wapiganaji wa upande wa Bushiri waliishambulia misheni ya Pugu wakaua watu wa dini wasiokuwa na jeshi, katika siku zilezile Berlin ilipokuwa ikiandaa kura.

Uwongo mtupu hauna nguvu, watu huuona. Uwongo wenye nguvu ni ule uliopandishwa juu ya kweli kama mpanda punda, na punda yule ndiye aendaye. Biashara ya watumwa ilikuwa kweli. Ya kuwa vita vilipigwa kwa ajili yake, siyo kweli. Mwenye kujibu kwa kumkana punda amejifanya kuwa mwongo wa pili, na amewakhini waliofungwa minyororo, ambao hawana kosa kwa kuwa mateso yao yalitumiwa na wengine. Jawabu ya haki ni kuwatenganisha: biashara ile ilikuwa dhulma, na waliofanya ni pamoja na Waislamu, na serikali iliyoitaja iliitaja kwa ajili ya forodha.

Mfano wa pili wa wanyonge ni wa hapahapa Njombe. Mwaka 1905 watu wa kusini waliinuka kwa kulazimishwa kulima pamba, kwa kodi na kwa viboko, na dhulma yao ilikuwa wazi. Lakini waliahidiwa ya kuwa dawa ya maji itazigeuza risasi. Septemba mwaka ule Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, na maji hayakugeuza kitu. Serikali ya Kidachi yenyewe ilihesabu waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 hata 300,000, wengi kwa njaa. Kinjikitile, aliyenyongwa mwanzo wa vita, huenda aliiamini dawa yake, na mwenye kuamini haitwi mwongo. Lakini waliompokea hawakupeleleza. Naye Gavana von Götzen, katika kitabu alichokitoa mwaka 1909, aliushika uchawi huo akauweka mbele, na pamba ikarudi nyuma. Hata ujinga wa waliodhulumiwa unaweza kuwa pazia la aliyedhulumu.

Tena haikuwa miaka mingi, zamu ya kuambiwa maneno mazuri ikawafikia Waislamu wenyewe. Mwaka 1913 Gavana Heinrich Schnee alipeleka barua kwa mabwana shauri akiwauliza njia za kuuzuia Uislamu usienee, na miongoni mwa yaliyoulizwa ni kama kufuga nguruwe kutafaa. Mwaka mmoja baadaye vita vilipoanza Ulaya, Dola ya Uthmania ikaungana na Wadachi, na Novemba 1914 Sheikh-ul-Islam wa Istanbul alitoa fatwa ya jihadi juu ya Waingereza, Wafaransa na Warusi. Wadachi na Waaustria, Wakristo vilevile, hawakuwamo. Serikali iliyouliza juu ya nguruwe ikawa sasa inawakumbusha askari wake wajibu wa dini yao. Waingereza waliikamata ile barua vitani wakaitangaza kwa Waislamu. Walitangaza kweli, lakini si kwa kuipenda kweli; waliitaka kama walivyotaka bunduki.

Na vita vile vilipita hapa. Mwaka 1916 jeshi la Northey lilivuka kutoka Nyasa likaingia Tukuyu, kisha Njombe na Iringa. Novemba kikosi cha Wadachi kilisalimu amri Ilembule. Na Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck alipita tena Ubena akielekea Rhodesia. Kila jeshi lilibebewa mizigo na watu wa vijiji, na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi ni makumi ya maelfu, ambao hawakuwahi kuulizwa kama sababu ya vita ni ya kweli au si ya kweli. Kwao hata heshima ya kudanganywa haikuwako, walikamatwa tu.

Desturi hii haikufa na Wadachi. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza zilisema ya kuwa Iraki ina akiba ya silaha za maangamizi, na tarehe 5 Februari jambo hilo lilielezwa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kama jambo la yakini. Nchi ikavamiwa, ikapekuliwa, na akiba hiyo haikuonekana. Napo pia alikuwako punda wa kweli: Saddam Hussein aliwaua Wakurdi wa Halabja kwa gesi ya sumu mwaka 1988, na hapana awezaye kukana.

Limebaki swali la waliodanganywa. Wajumbe wa Berlin waliotoa kura kwa kuwahurumia watumwa, je, wana lawama? Ikisemwa ya kuwa nia yao ilikuwa njema, nia ni ya Mwenyezi Mungu kuihukumu. Lakini aya ya Al-Hujurat haikuuliza nia ya msikiaji. Imeuliza kama alipeleleza. Na njia ya kupeleleza ilikuwako. Mkataba wa Aprili ulijulikana. Khabari za Pangani zilifika. Tarehe 26 Januari 1889, ndani ya Bunge lilelile, August Bebel, kiongozi wa chama cha wafanya kazi, alisimama akasema ya kuwa Kampuni hiyo ni kikundi kidogo cha matajiri, na kwamba wanachokitafuta Afrika ni faida. Hakuwa Mwislamu, wala hakuwa mcha Mungu, wala hakuwahi kufika Afrika ya Mashariki. Alisoma tu yaliyokuwa mezani kwa kila mjumbe. Wakamsikia. Tarehe 2 Februari sheria ikatiwa sahihi.